Namna ya Kuthibitisha Kwamba Mfuko Umekukaa

Hongera kwa kuamka salama. Nusukaputi imeisha, kipande cha utumbo wako, kiitwacho stoma, kinachungulia nje ya tumbo, na kilichozoea kutokea chini sasa kinatokea mbele, karibu na ubavu, bila kuomba ruhusa. Hapo ndipo ulipobandikwa mfuko. Sista ameusawazisha kwa kiganja, akakutazama ulivyolala, akasema, "Umekaa vizuri kabisa." Muamini. Ukiwa umelala chali, umenyooka, tumbo tupu na dripu mkononi, mfuko wowote duniani hukaa vizuri. Mwongozo huu unawahusu wale ambao, kwa sababu moja au nyingine, wanakusudia kuinuka.

Jambo la kwanza lilipaswa kufanyika kabla hujapasuliwa, kwa hiyo tulimalize haraka. Kwa utaratibu, mtaalamu hukuambia ulale, ukae, usimame, uiname, kisha akachora alama kwa kalamu mahali ambapo ngozi ni tambarare: mbali na kitovu, mbali na makovu na mikunjo, mbali na unapofunga mkanda au sketi, na mahali ambapo unaweza kupaona bila kioo. Ni kazi ya dakika chache. Lakini kama ulifikishwa usiku wa manane kwa sababu taifodi imetoboa utumbo, au utumbo umejisokota wenyewe, hakuna aliyepata muda wa kukuuliza suruali unaifungia wapi, na si haki kumlaumu mtu aliyekuwa anakuokoa. Stoma iliwekwa palipowezekana. Palipowezekana, mara nyingi, ni pale pale pa mkanda.

Pili, pima. Ndani ya pakiti mna kadi yenye matundu ya saizi mbalimbali. Pitisha moja baada ya jingine juu ya stoma mpaka upate linaloizunguka na kuacha nafasi ya milimita 2 au 3. Hilo ndilo tundu utakalokata kwenye kibandiko, ule mduara wa gundi unaoshika ngozi. Stoma nyingi hazijasikia habari za mduara. Yako ikiwa na umbo la yai, kata umbo la yai. Tena hunywea. Uvimbe wa upasuaji huchukua wiki 6 hadi 8 kuisha, kwa hiyo pima upya kila wiki katika kipindi hicho, wala usikate vibandiko vya mwezi mzima siku moja kwa sababu tu umeazima mkasi mkali. Utavikata.

Ukiwa na kipimo chako mkononi, nenda duka la dawa. Hapo utaelimishwa kwamba mwili wa binadamu una saizi moja tu, nayo ni iliyopo. Ya milimita 45 imeisha, ipo ya 70, "itakaa tu." Kama mfuko wako ni wa vipande viwili, utapata kibandiko cha kiwanda kimoja na mfuko wa kiwanda kingine, na pete zao hazijawahi kupatana. Kama ni wa msaada, huenda tundu limeshakatwa na mtu mwenye tumbo jingine, katika nchi nyingine, kwa mahitaji yake. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, na usimwonyeshe mtoaji ile kadi ya matundu.

Kosa la saizi lina adhabu mbili, uchague. Tundu likiwa kubwa, ngozi iliyobaki wazi huogeshwa na kinachotoka; na kama stoma yako ni ya utumbo mwembamba, kinachotoka bado kina vimeng'enya vilivyotumwa kumeng'enya nyama, na hakuna aliyeviambia kwamba wewe si mboga. Ndani ya siku chache ngozi huwa nyekundu, kisha hutoa majimaji, kisha kibandiko hakishiki tena kwenye majimaji hayo, kisha kinavuja zaidi. Tundu likiwa dogo, ukingo wake huikwaruza stoma, na stoma haina mishipa ya kuhisi maumivu, hivyo italala na kuamka ikikatwa bila kukulalamikia. Itazame kila unapobadilisha. Tone la damu wakati wa kufuta ni la kawaida. Iwe nyekundu na yenye unyevu. Ikigeuka zambarau au nyeusi, tupa mwongozo huu na uende hospitali sasa hivi. Hiyo ndiyo sentensi pekee humu isiyo na mzaha.

Tatu, bandika. Osha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kausha, basi. Hapa familia itaingia na huduma zake: shangazi ana mafuta ya nazi, jirani ana poda ya mtoto, mjomba amesikia habari za asali. Wakatalie wote kwa upole. Gundi ya kibandiko ni mchanganyiko wa vitu kama pektini, jelatini na unga wa selulosi wenye kunywa unyevu, na haitaki kutengwa na ngozi na kitu chochote kinachoteleza. (Ina ukoo wa heshima: ilitokana na dawa ya kupaka vidonda vya mdomoni, ambayo ilibidi ijifunze kushika mahali palipolowa mate siku nzima.) Pasha kibandiko joto katikati ya viganja, weka, bonyeza kwa mkono dakika moja au mbili. Kama unaishi Tanga au Mombasa na ni mwezi wa Februari, ngozi kavu kwako ni nadharia. Washa feni. Umeme utakatika mara tu utakapokuwa umebandua karatasi ya nyuma.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, na tuanze kwa kuwatendea haki wenye viwanda. Wao hupima. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 12505, kinachoeleza jinsi ya kupima ukubwa wa kibandiko, uchachu wa uso wake, kiasi cha maji kinachonywa, na nguvu ya gundi kushika. Katika vipimo vya gundi kwa jumla, kinachopendwa sana ni bamba la chuma cha pua: gundi inabandikwa, mashine inaivuta kwa mwendo usiobadilika, namba zinaandikwa. Ni kipimo safi kabisa. Chuma cha pua hakitoki jasho, hakinenepi, hakioti nywele, wala hakijawahi kukaa mkekani kwenye msiba kuanzia asubuhi hadi maiti inapotolewa. Kama tumbo lako ni la chuma cha pua, acha kusoma hapa.

Wengine, anzeni na kiti. Kaa wima kama mtu anayepigwa picha. Kibandiko kinajikunja kidogo tu, na unaanza kupata matumaini. Sasa legea, kaa unavyokaa siku zote. Tumbo linashuka, mkunjo unajitokeza chini ya stoma, na ukingo wa kibandiko unainuka pale pale. Kariri mahali hapo, kwa sababu mtakutana tena. Kisha kaa juu ya mbuzi, magoti juu, kifua mbele, na ukune nazi nzima. Nusu nazi haihesabiki. Gundi zote hufaulu nusu ya kwanza.

Chuchumaa chooni. Utagundua kwamba choo cha shimo kilichimbwa kwa kutarajia mambo yatokee upande mwingine, na kwamba kazi hii inataka mkono wa kushika mfuko, mkono wa kufungua kibanio, mkono wa kopo na mkono wa kuinua kanga. Wenye mikono miwili hushika kanga kwa meno. Umwage ukiwa umejaa theluthi tu. Ukingoja ujae, uzito wake utakuwa unakivuta kibandiko kwa niaba ya mashine ya maabara. Utangoja, kwa sababu foleni ya choo cha wapangaji hairuhusu theluthi.

Endelea. Piga deki. Fua shuka kwenye beseni. Mbebe mtoto mgongoni: fundo la kanga, ambalo miaka yote lilianguka mahali fulani tumboni bila kumsumbua mtu, sasa lina mwenyeji. Lisogeze pembeni, mtoto ataning'inia upande mmoja, na mama mkwe atauliza kwa sauti nani alikufundisha kubeba mtoto. Usijibu. Panda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, siti ya nyuma, na mtu wa tatu nyuma yako. Ukifika salama, usiuhesabu kama ushahidi wa kitu chochote, kurudi bado.

Kama unasali, sujudu. Ni mkao unaolikunja tumbo lote kwa mara moja, unarudiwa mara nyingi kila siku, na kwa faida ya utafiti hairuhusiwi kuacha katikati ili ujichungulie. Kuhusu udhu usihangaike sana. Muulize shehe, atakueleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kwa kila sala ya faradhi ukishaingia wakati wake, kisha akasali, na kitakachotoka kimesamehewa. Sheria ilishakutengea nafasi kabla ya kiwanda chochote kuwapo. Nafasi utakayoikosa ni ya kwenye safu, bega kwa bega na mtu mwenye pua.

Wakristo nao wana jaribio lao, nalo ni ile dakika ya sala ya kimya. Stoma haina msuli wa kufunga mlango, hivyo upepo hutoka unapojisikia. Utasubiri kwaya ikae. Weka kiganja juu ya stoma na ukohoe. Jirani yako naye atakohoa, na yule wa mbele, na katekista. Mtashangaa jinsi kanisa zima lilivyoshikwa na kifua. Hakuna atakayekutazama. Kutotazama kwa bidii namna hiyo ndiko kutakakokuambia kwamba wote wamesikia.

Kwa harufu kuna kiwango kingine, ISO 8670-3, kinachohusu jinsi harufu inavyopenya mifuko hii, na mifuko mingi mizuri ina kichujio kidogo cha mkaa cha kuruhusu upepo utoke ukiwa umesafishwa. Nyumbani huna maabara, na pua yako imeshazoea kiasi kwamba haifai tena kutoa ushahidi. Watu wazima hawafai pia: ukiwauliza, watasema hawasikii chochote huku wakisogea kwenye mlango. Tafuta mtoto wa miaka minne. Mkalishe mapajani, mpe andazi, subiri. Ni chombo sahihi kuliko vyote, hakihitaji kusawazishwa, ila kina kasoro ya kutangaza matokeo sebuleni mbele ya wageni.

Ukikata tamaa, jua kwamba hata mfuko wa kwanza wa namna hii haukuanzia maabara. Mwaka 1954, huko Denmark, muuguzi Elise Sørensen alikuwa na dada yake, Thora, aliyetolewa utumbo nje na kuogopa kutoka nyumbani. Vifaa vya wakati huo vilikuwa vya mpira, chuma au kioo, vikifungwa kwa mikanda. Sørensen akawaza mfuko wa plastiki wenye gundi, unaobandikwa na kutupwa. Mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, hakuvutiwa mpaka mkewe Johanne, ambaye naye alikuwa muuguzi, alipomshawishi. Kampuni ya Coloplast ikaanzishwa mwaka 1957. Kumbuka swali lililokuwa mezani. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza gundi inahimili mvuto kiasi gani. Waliuliza kama Thora atatoka nyumbani. Sayansi ilikuja baadaye ikaweka bamba la chuma.

Wasio na duka wala msaada huruka hatua hizi zote. Wapo wanaofunga mfuko wa nailoni tumboni kwa utepe wa kanga, wengine kitambaa kilichokunjwa mara nne na kubadilishwa kila kinapolowa. Hapo hakuna kadi ya matundu. Mfuko unamkaa kila mtu sawasawa, yaani vibaya. Kwa miaka mingi kifaa kikuu kilikuwa rambo. Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na vifaa vya tiba vikaachwa nje ya katazo, jambo la busara linalomsaidia sana mtu ambaye tayari anavyo vifaa vya tiba. Mfuko wa kitambaa uliochukua nafasi ya rambo sokoni ni imara, unavutia, na unapitisha maji. Usijisumbue kuujaribu.

Baada ya siku tatu au nne, badilisha. Hapa ndipo penye jaribio la kweli, na ndipo karibu kila mtu anapolikosa. Ukishabandua kibandiko, kigeuze, ukitazame nyuma. Gundi nzima imebaki ilivyokuwa? Mfuko umekukaa. Kuna upande umevimba, umekuwa mweupe na kuliwa, ukitoa njia kuelekea ukingoni? Huo ndio mlango wa mwizi. Ulinganishe na mwili: kama njia inaelekea chini, kaa tena na utazame mkunjo ule uliokariri, pengine panahitaji pete ya gundi ya kujazia, au kibandiko kilichobinuka kuelekea ndani ili kiibonyeze ngozi na kuisaidia stoma iliyozama kutokeza, au mkanda. Vyote hivi vimeshabuniwa, na mpaka utakapomaliza kuvitafuta utakuwa unamfahamu kila mfamasia wa mjini kwa jina. Lakini hutageuza. Utakikunja haraka bila kukitazama, utakizungushia gazeti mara tatu, na kukitupa gizani, na kesho utauliza kwa mshangao kwa nini kinavuja upande ule ule.

Dalili ya mapema ya kuvuja ni muwasho au mchomo chini ya kibandiko. Mara nyingi maana yake ni moja: kinachotoka kimeshafika kwenye ngozi, badilisha leo. Usizungushie plasta. Plasta haizibi, inafungia uchafu ndani ukaendelee kuila ngozi kwa faragha. Najua unayo plasta. Najua pia kwamba mfuko ni wa bei, kwamba kilichopangiwa siku nne kinaweza kusukumwa mpaka wiki, na kwamba Jumamosi kuna harusi ambayo wewe ni mjumbe wa kamati. Zungushia. Tutaonana Jumapili.

Hatimaye, kliniki. Mwili haukai ulivyopimwa: mtu hunenepa, hukonda, hushika mimba, au hupata ngiri inayotokeza kando ya stoma, na kibandiko kilichofaa mwaka jana sasa kinaparamia kilima. Ndiyo maana unaitwa urudi. Sheria za ziara ni hizi. Utaoga. Utabandika mfuko mpya kabisa, ule uliokuwa umeutunza, ili usimwaibishe sista. Ukiulizwa unaendeleaje utasema, "Namshukuru Mungu." Ukiulizwa kama unavuja utasema, "Kidogo tu," neno linalojumuisha godoro, sare za kazi, na kiti cha shemeji. Naye, kwa kuwa foleni ni ndefu na hajaona tatizo, ataandika kwenye kadi kwamba hakuna tatizo. Ungeweza kwenda na kile kibandiko kilicholiwa, ndani ya mfuko safi, ukakiweka mezani. Mhudumu anayejua kazi yake angekisoma kwa sekunde chache na kukubadilishia aina. Ungeweza pia kuomba akutazame umekaa, kisha umeinama. Hutaomba. Wenzako benchini nao hawakuomba, na heshima ya foleni inategemea hilo.

Ukishayashinda hayo, au ukiamini umeyashinda, uko tayari kwa mtihani wa mwisho: basi la mkoani. Chagua siti ya njiani, upande ambao stoma haibanwi na jirani. Asubuhi usile maharage, kabichi wala mayai, na kama stoma yako ni ya utumbo mwembamba, mahindi ya kuchoma ya dirishani yaache huko huko dirishani, yanaweza kuziba njia. Beba mfuko wa akiba ulioshakatwa tundu, chupa ya maji, kitambaa na nguo ya kubadilisha, vyote kwenye begi la mkononi, kwani buti ya basi hugeuza gundi kuwa uji. Mwage kabla ya kupanda. Kondakta atakapotangaza dakika tano za kuchimba dawa, teremka wa kwanza, nenda mbali kuliko wengine, tumia kumi. Watapiga honi, waache wapige. Ukirudi kwenye siti utakuta jirani yako ameshafungua dirisha, ingawa kunanyesha. Usimshukuru. Ukimshukuru utakuwa umekiri, naye atalazimika kukujibu kwamba hakusikia kitu.